Muganga naye lazima asome: chama chake ni faida yetu

Ndugu wachimbaji, na nyinyi mama mnaobaki nyumbani na watoto, sisi wa sendika tumezoea kuwaandikia juu ya mshahara, kofia ya mugodi na mashimo yanayobomoka. Leo, kutoka hapa Barumbu, tunawaandikia juu ya vyama vya waganga. Wengine watauliza: hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana, maana siku tukiugua, maisha yetu iko mikononi mwao.

Tuanze na malaria, ugonjwa ambao kila nyumba ya Tshopo inaujua. Muganga aliyemaliza masomo mwaka 1998 alifundishwa klorokini kwa malaria ya kawaida, na kinini kwa malaria kali. Mwaka 2001 nchi yetu ikaacha klorokini, juu vidudu vilishaizoea, ikachukua ile dawa wengi wanaiita Fansidar. Mwaka 2005 ikabadilisha tena: artesunati pamoja na amodiakini. Halafu mwaka 2010 ukatoka utafiti mkubwa juu ya watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Kongo yetu ikiwa ndani. Ukihesabu watoto 1,000 waliopewa kinini, karibu 109 walikufa. Waliopewa sindano ya artesunati, karibu 85. Tofauti ni watoto 24, na kila mmoja ana mama yake.

Basi katika miaka 12 mambo yalibadilika mara tatu, lakini ile diploma ya ukutani ilibaki vile vile. Na baadaye hata kipimo kikabadilika: mtoto wa chini ya kilo 20 anapaswa kupewa sindano ya miligramu 3 kwa kila kilo yake, wakati mtu mukubwa ni 2.4. Muganga asiyeambiwa hayo si mtu mubaya. Anafanya kazi kwa moyo wake wote, lakini kwa akili ya zamani, na mgonjwa ndiye anayelipa.

Sasa nani amwambie? Leta inatuma karatasi, ni kweli. Lakini karatasi haijibu swali. Hapo ndipo chama kinaingia.

Tusichanganye mambo. Kuna Ordre des Médecins, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1968: ndiyo inaandika waganga kwenye daftari na kulinda nidhamu ya kazi. Kuna sendika za waganga, zinazopigania mshahara kama sisi. Halafu kuna vyama vya elimu: vya waganga wa watoto, vya waganga wa uzazi, vya wapasuaji. Kule muganga mmoja analeta habari ya mgonjwa aliyemshinda, bila kutaja jina lake. Anaeleza alichokiona na alichokifanya. Wenzake wanamuuliza, wanamkosoa, na yule aliyesoma jambo jipya analitoa. Ni sawa na wazee wa mugodi wanapokaa baada ya shimo kubomoka na kuulizana: nguzo iliwekwa wapi, maji yalitoka upande gani? Hakuna anayejifunza hayo akiwa peke yake.

Na upweke wa muganga unaua. Wachimbaji wa zahabu wa Durba, karibu na Watsa, wanaijua habari hiyo kwa machozi. Wakati ule tulikuwa bado Province Orientale moja. Mwishoni mwa mwaka 1998 watu wa mugodi wa Gorumbwa walianza kufa kwa homa na kutoka damu. Ilikuwa vita, njia zimekatika, waganga wa kule walikuwa mbali na wenzao. Dunia ilisimama kuangalia mwezi wa nne 1999 tu, daktari mukuu wa Watsa alipokufa kwa ugonjwa ule ule. Ilikuwa virusi vya Marburg. Mpaka ulipokwisha mwaka 2000, wagonjwa 154 walihesabiwa, na 128 kati yao walikufa. Mugodi ulipojaa maji ugonjwa ukaisha, na baadaye wenye sayansi walipata alama za virusi hivyo ndani ya popo wa shimo lile. Wachimbaji wenyewe walikuwa wanaujua ugonjwa huo tangu miaka mingi. Ujuzi ulikuwepo chini, kwetu. Haukuwa na njia ya kupanda juu.

Tusifikiri hayo ni ya zamani. Mwezi wa tisa 2023, huko Kamituga, mji mwingine wa zahabu, Kivu ya Kusini, aina mpya ya mpoksi ilijitokeza. Magonjwa mapya yanapenda kuanzia kwetu, kwenye migodi, ambako watu wanatoka kila upande na kulala wamebanana. Muganga wa mugodi ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kuitwa kwenye mafunzo. Mara nyingi ndiye wa mwisho.

Angalia tena kifua chetu. Mtu amekula vumbi la mawe miaka 15, anakohoa, anakonda. Picha ya mapafu inaweza kufanana na kifua kikuu, anapewa dawa miezi sita. Lakini vumbi la mawe linaleta silikosi, na dawa ya kifua kikuu haiiponyeshi. Tena mwenye silikosi anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine, kwa hiyo anaweza kuwa na yote mawili. Kuyatofautisha kunahitaji kupima makohozi vizuri, kusoma picha kwa ujuzi, na kumuuliza mgonjwa: umefanya kazi gani? Hilo swali la mwisho halina bei, lakini lazima mtu afundishwe kuliuliza.

Jirani zetu wa Kenya wameliweka kwenye kanuni: muganga anatakiwa kukusanya pointi 50 za mafunzo kila mwaka ndipo ruhusa yake ya kazi ifanywe upya, na chama chao ni kati ya wale wanaotoa mafunzo hayo. Na chama kina faida nyingine. Pale ambapo wenzake hawamfundishi muganga, atafundishwa na muuza dawa, na muuza dawa anafundisha ile anayotaka kuuza.

Tunaomba nini basi? Kwa wakubwa wa migodi: mpeni muganga wenu siku na nauli ya kwenda kukutana na wenzake Kisangani, ambako kuna chuo kikuu na fakulte ya uganga, na mtafute wa kushika nafasi yake siku hizo. Kwa vyama: msibaki mjini, mshuke mpaka kwenye mashimo, mkusanye hata wauguzi, maana huku wengi wetu tunamuona muuguzi tu. Na kwetu sisi: tukikuta mlango wa dokta umefungwa siku mbili kwa sababu ya mafunzo, tusipige kelele. Akirudi tumuulize kwa heshima: Dokta, umetuletea nini kipya?