Uyoga wa limbwata: Dada, usije ukamzika unayemtaka!

HIVI jamani, nani kati yetu hajaviona vile vibao? Toka Mwananyamala mpaka Manzese, ukienda Tandika na Mbagala ndiyo usiseme. Nguzo za umeme zimepigiliwa vipande vya bati: mganga anarudisha mpenzi, anavuta mali, anaondoa mikosi. Waganga wanaibuka kama uyoga, na leo nataka tuuongelee huohuo uyoga.

Maana limbwata lina mengi. Kuna la mizizi, kuna la magome, na kuna unga ambao ukiuliza unaambiwa ni uyoga wa porini, umechumwa usiku juu ya kichuguu. Mtilie bwana kwenye mchuzi, eti nyumba ndogo ataisahau.

Tusiwacheke wanaoamini, uyoga wenyewe una vituko. Jana hapakuwa na kitu, mvua ikanyesha, asubuhi kichuguu kimejaa miavuli. Lakini siri yake siyo jini, ni mchwa. Wadudu hawa ni wakulima bwana! Wanakusanya majani makavu na vijiti, wanaotesha ukungu humo chini, ukungu unalainisha chakula nao wanakula. Mvua zikianza, ukungu unachomoza juu, ndiyo uyoga. Huko Zambia upo wa jamii hiyo ambao mwavuli wake unafikia hadi mita 1 kwa upana. Ni mboga tamu sana, lakini kumfunga mume haujui.

Kasheshe ni hapa. Uyoga mzima, aliyekulia kijijini anaweza kuutambua. Ukishakaushwa na kutwangwa, hata bibi yako hawezi kujua ni upi. Na upo mmoja ambao wataalamu wanauita Amanita phalloides, mmoja tu unatosha kumuua mtu mzima. Usidanganyike kwamba ukichemka sumu inaisha. Haiishi kwa moto, wala kwa kuanikwa juani.

Tena sumu hiyo ina ujanja. Mtu anakula, analala vizuri. Baada ya masaa 6 hadi 12, au hata zaidi, anaanza kutapika na kuharisha. Halafu anapata nafuu, wewe unashangilia dawa imeingia, kumbe ini linaoza kimyakimya. Hapo bwana hatoki tena kweli, maana kalazwa!

Sasa mtaniuliza, kwani ukungu hauponyi? Unaponya! Penisilini ilitokana na ukungu. Mwaka 1928 huko London, Alexander Fleming aliuona umeua bakteria kwenye kisahani chake. Mwaka 1941 wenzake wa Oxford wakamchoma sindano polisi mmoja aliyekuwa mahututi. Akaanza kupona, dawa ikaisha, akafariki. Hawakusingizia mkono wa mtu. Walirudi kazini, wakatafuta namna ya kuitengeneza nyingi zaidi. Dawa ndivyo inavyopatikana: inapimwa, inajulikana ni nini na kiasi gani.

Hata za kwetu zina utaratibu. Tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, waganga wanasajiliwa na Baraza, na pale Muhimbili kuna taasisi ya kuchunguza miti shamba. Kwa hiyo yule wa kibao cha bati muulize cheti. Akikujibu kwamba mizimu haina vyeti, chukua pochi yako uondoke.

Na kama mtu ameshakula uyoga usioeleweka, mkimbize hospitali hata kama amepata nafuu, ubebe na mabaki. Usione aibu kumwambia daktari ulitia nini kwenye mchuzi. Aibu inaisha, kaburi halifukuliwi.

Akina dada, na nyinyi akina kaka mnaojifanya hamwendi huko, mwenzio akikuchoka kaa naye muongee. Akigoma, mwache aende akiwa hai. Atakayekupenda bila unga yupo, pengine mnapanda naye daladala moja kila siku. Haya, kazi kwenu!