Hodi kwa Wahaida

Meli kubwa za kitalii zinazobeba maelfu ya abiria kutoka Vancouver na Seattle kwenda Alaska haziingii Gwaii Haanas. Hifadhi hiyo iko kusini mwa visiwa vya Haida Gwaii, pwani ya magharibi ya Kanada. Haina barabara, na anayetaka kufika huko huenda kwa chombo cha baharini au kwa ndege ndogo inayotua juu ya maji. Wengi huchagua meli ndogo ya abiria kumi, ishirini, pengine themanini.

Wauzaji wa safari husifu udogo wa meli hizi kwa kuwa hupenya vihori vyembamba na kuwakaribia wanyama. Hilo ni kweli, lakini mimi naona faida kubwa iko kwingine: meli ndogo inaweza kufuata masharti ya mwenye nyumba.

Masharti hayo ni ya wazi. Chombo kikitia nanga karibu na kijiji cha kale, nahodha huwaita kwa redio walinzi wa Wahaida, wenyeji wa asili wa visiwa hivi, wanaokaa pale majira ya kiangazi. Hakuna anayeshuka kabla ya kukaribishwa, na wakiambiwa wasubiri, wanasubiri. Watu 12 tu ndio wanaoruhusiwa kuwa nchi kavu kwa mara moja. Abiria 12 hushuka pamoja, wakaketi na mlinzi na kumuuliza habari za babu zake bila haraka. Abiria 90 hugawanywa makundi manane, na kila kundi linajua kwamba jingine linangoja kwenye mashua za mpira.

Ulinzi huo walianzisha Wahaida wenyewe mwaka 1981, kwa watu waliojitolea, baada ya kuona wageni wanaingia vijijini bila mtu wa kuwaangalia. Walichukua mfano wa sanamu tatu za watu wenye kofia ndefu, ambazo mababu walizichonga kileleni mwa nguzo ili zitazame bahari na kuonya hatari inapokuja.

Kijiji kinachotamaniwa zaidi ni SGang Gwaay, kilichoingizwa mwaka huohuo wa 1981 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mgeni hufuata njia iliyopangwa maganda meupe ya kombe mpaka kwenye safu ya nguzo za mwerezi zinazoelekea maji. Nyingi ni za maziko: juu palichongwa nafasi ya sanduku la mifupa ya mkubwa aliyefariki. Ndui iliyolipuka mwaka 1862 iliwafyeka watu wa visiwa hivi hata mwanzoni mwa karne ya 20 wakabaki chini ya 600, na vijiji vingi vya kusini vikahamwa.

Nguzo hizo sasa zimeinama, nyingine zimelala chini na miche imeota juu yake. Wageni wengi huuliza kwa nini hazikarabatiwi wala kupelekwa makumbusho. Msomaji wa Kilifi hatauliza, kwa sababu anavijua vigango vya Wamijikenda: vikishasimikwa kwa ajili ya marehemu havihamishwi, huachwa mpaka virudi udongoni. Anajua pia vilivyoibwa na kuuzwa Marekani, na kwamba viwili vilirudishwa Kenya mwaka 2007. Wahaida nao wamezunguka makumbusho ya Amerika na Ulaya, wakarudisha nyumbani mabaki ya wazee wao zaidi ya 400 na kuwazika.

Wanyama nao hawaeleweki bila historia ya wageni waliotangulia. Nyangumi wenye nundu wapo, simba wa bahari wapo, na maji yakipwa dubu weusi hushuka ufukweni kupindua mawe wakitafuta kaa. Lakini fisi-maji wa baharini ni wa kubahatisha. Mwaka 1787 nahodha Mwingereza George Dixon alikuja kununua ngozi zao, akavibandika visiwa jina la meli yake, Queen Charlotte, jina lililoondolewa rasmi mwaka 2010. Biashara hiyo iliwamaliza fisi-maji. Chakula chao kilikuwa wale viumbe wa duara wenye miiba ambao wavuvi wetu huogopa kuwakanyaga. Walipokosa wa kuwala, viumbe hao walizaana, wakatafuna misitu ya mwani mkubwa, na samaki wakapoteza maficho.

Meli zilileta pia panya, na panya hula mayai na makinda ya mureleti wa kale, ndege mdogo wa baharini anayetaga mashimoni chini ya miti. Karibu nusu ya mureleti hao wote duniani huzaliana Haida Gwaii. Makinda yakiwa na siku mbili tu hivi, hutoka shimoni usiku na kukimbia gizani kuelekea baharini, yakifuata sauti za wazazi. Taa za meli huwavuta ndege hawa wakajigonga, kwa hiyo nahodha mwenye kujali huzima taa za nje na kufunga mapazia.

Msitu wenyewe ungalikatwa. Mwaka 1985 Wahaida, wazee wakiwa mbele, walifunga barabara ya wakata magogo katika kisiwa cha Lyell, na watu 72 wakakamatwa. Mkataba na serikali ya Kanada ulitiwa saini mwaka 1993. Ndani yake kila upande uliandika, sambamba na mwenzake, kwamba ardhi ni yake, kisha pande zote zikakubali kuilinda pamoja katika bodi yenye wajumbe sawa. Mwaka 2013 walisimika nguzo mpya katika kisiwa hichohicho cha Lyell, ya kwanza katika Gwaii Haanas kwa zaidi ya miaka 130, na kati ya michoro yake wamo watu watano walioshikana mikono.

Kabla ya kulipia safari kama hii, uliza meli inabeba wangapi, mwongozaji ni nani, na Wahaida wangapi wameajiriwa. Kampuni inayoanza kwa kuwapeleka abiria Kay Llnagaay, kituo cha utamaduni cha Wahaida huko Skidegate, ningeipa fedha zangu kabla ya ile inayoahidi dubu wengi.