Nyonga ikivunjika, kuchelewa ni hatari

Pikipiki inagongana na gari, abiria anaanguka, goti linapigwa kwa nguvu. Kichwa cha mfupa wa paja kinasukumwa nyuma na kuvunja kikombe cha nyonga, mahali kinapozungukia. Mashariki mwa Kongo, familia nyingi hudhani ni kuteguka tu, na zinampeleka mgonjwa kukandwa.

Kichwa cha paja kikitoka mahali pake, kinapaswa kurudishwa ndani ya saa chache, la sivyo kinaweza kukosa damu na kufa. Kikombe chenyewe, wapasuaji hupendelea kukitengeneza ndani ya wiki mbili. Baada ya wiki tatu, mfupa umeanza kujiunga vibaya na kazi inakuwa ngumu zaidi.

Hata mapema si rahisi. Kikombe kimefichika chini ya misuli minene, karibu na mishipa mikubwa ya damu na mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Damu ya kuongezea lazima iwe tayari. Mwaka 1964, Wafaransa Judet na Letournel waligawa mivunjiko hiyo katika aina 10; aina ndiyo inayoamua wapi pa kupasua. Skana huionyesha vizuri, lakini mashine hiyo iko katika miji michache. Vipande vikiachana hata milimita chache, gegedu linasagika na mgonjwa anabaki akichechemea.

Basi mtu asivutwe mguu wala kukandwa. Alazwe juu ya ubao, apelekwe siku hiyo hiyo kwenye hospitali yenye mpasuaji wa mifupa.