Mikopo ya Simu: Tusiwaweke Majirani Rehani



Mkulima wa zabibu hapa Hombolo anayengoja malipo ya mavuno yake anaweza leo kukopa kwa simu, bila mdhamini wala hati ya shamba. Je, dhamana iko wapi? Mara nyingi imo ndani ya simu yenyewe. Programu ya mkopo huomba ruhusa ya kusoma majina yaliyohifadhiwa humo. Akikubali, ndugu, majirani na hata padre wake wamewekwa rehani bila kujua. Akichelewa kulipa, wao hutumiwa ujumbe wa kumwaibisha.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, ikawaonya wananchi. Pia ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake hupokea malalamiko.

Tunaziomba kamati ziwafundishe waumini kuuliza kabla ya kukopa: Mkopeshaji ana leseni? Nitapokea kiasi gani na kurudisha kiasi gani? Tuseme umepokea shilingi 40,000 na baada ya siku 7 unadaiwa 50,000: umelipa robo nzima kwa juma moja.

Wafadhili, ndiyo maana tunahimiza vikundi vya kuweka na kukopa. Humo mdhamini huombwa kwanza, naye hukubali kwa kinywa chake.