Stripu ya kisukari na unyevu wa Pwani

MGONJWA wa kisukari anayeishi Ganjoni halazimiki kupanga foleni katika Hospitali Kuu ya Pwani kila anapotaka kujua kiwango cha sukari katika damu yake. Hujidunga kidole, akagusisha tone la damu kwenye kipande chembamba cha plastiki kiitwacho stripu, na baada ya sekunde chache mashine ndogo humwonyesha nambari. Kwa anayetumia insulini, nambari hiyo ndiyo huamua adunge dawa kiasi gani. Ikiwa si ya kweli, anaweza kuzirai.

Ajabu ni kwamba stripu hiyo huchapwa kwa njia inayofanana na ile ya mafundi wanaochapa fulana za kampeni. Wino wa kaboni, ambao hupitisha umeme, husukumwa kupitia wavu mwembamba ukaacha mistari juu ya plastiki. Hapo hupakwa kimeng'enya pamoja na kemikali ya kubeba elektroni. Damu ikifika, kimeng'enya huchukua elektroni kutoka kwa glukosi, nayo kemikali huzifikisha kwenye kaboni. Sukari ikiwa nyingi, umeme huongezeka, na mashine kazi yake ni kuupima.

Wazo hili lilianzia Marekani mwaka wa 1962, kwa Leland Clark na Champ Lyons. Mashine ya kwanza ya nyumbani ya aina hii, ExacTech, iliingia sokoni mwaka wa 1987 kutokana na utafiti wa Cranfield na Oxford, Uingereza. Mwaka wa 2010, watafiti wa Harvard walionyesha kuwa hata karatasi inaweza kutumika badala ya plastiki, na mashine ya kawaida ya kisukari ikaisoma.

Mfukoni mambo ni mengine. Mashine hununuliwa mara moja, stripu kila mara, na kwa kawaida stripu za kampuni moja hazikubaliki katika mashine ya nyingine. Msomaji, uliza bei ya stripu kabla ya kuuliza bei ya mashine.

Adui mkubwa wa stripu ni unyevu na joto, vitu ambavyo Mombasa havikosekani. Aina nyingi hutakiwa kuwekwa mahali pasipozidi nyuzi 30, na mwezi Machi chumba kisicho na feni hupita hapo. Kimeng'enya kikiharibika, mashine huweza bado kutoa nambari, tena ya uongo. Kwa hiyo zisitolewe kwenye kichupa chake, ambacho kina dawa ya kunyonya unyevu. Toa moja, ufunike papo hapo. Jikoni si mahali pake. Andika tarehe uliyokifungua, kwani aina nyingine hazidumu zaidi ya miezi michache baadaye.

Vidole navyo vina hila. Aliyetoka kumenya embe au kula halwa akajipima bila kunawa, atasomewa sukari ya embe. Pamba ya spiriti haitoshi. Nawa kwa sabuni na maji, kisha ukauke.

Hata stripu nzima ina kosa lake. Kanuni za kimataifa za mwaka wa 2013 huruhusu tofauti ya asilimia 15 katika viwango vya juu, yaani sukari ya 10 inaweza kusomeka 8.5 au 11.5. Ndiyo sababu daktari hutaka kipimo cha maabara kabla ya kusema mtu ana kisukari.

Lakini ukitetemeka na kutoka jasho huku mashine ikionyesha chini ya 4, kunywa kitu chenye sukari kwanza. Kupima tena ni baada ya dakika 15.