Saa 11 ya Brussels ni saa ngapi kwetu?

Wengi wetu tukipita mbele ya mlango wenye kibao cha Kurugenzi ya Utafiti tunadhani ile ni ofisi ya maprofesa tu, mwanafunzi haimhusu. Na mimi nilidhani hivyo hivyo, mpaka nilipoingia pale kujitolea wakati nasubiri kutetea tasnifu yangu ya uzamili. Nilikaa miezi minane. Kazi yangu ilikuwa kupokea maandiko ya miradi yanayokwenda kwa wafadhili, kuyalinganisha na mwongozo, kisha kuyapandisha kwenye mfumo. Nimeombwa nieleze ofisi ile inafanya nini andiko linapoletwa dakika za mwisho. Nitaeleza, pamoja na siku moja ambayo nilikosea mimi.

Kwanza, kwa nini jambo hili linakuhusu? Ile nafasi ya uzamili inayolipiwa ada, vile vitendanishi vya maabara, ile posho ya kwenda kukusanya data Dodoma au Kigoma, mara nyingi vinatoka kwenye ruzuku ambayo mhadhiri wako aliiomba. Andiko likikwama, haikwami karatasi peke yake. Kuna mtu hosteli anakosa ada.

Pili, kwa nini mhadhiri asitume mwenyewe tu? Kwa sababu ruzuku nyingi kubwa hapewi mtu, inapewa taasisi. Anayesaini mkataba ni chuo. Fedha zikitumika vibaya, anayedaiwa ni chuo. Ndiyo maana lazima mtu mwenye mamlaka aweke saini, na kabla ya kuweka atauliza: bajeti imekaguliwa? Chuo kimeahidi kuchangia nini? Data itakuwa mali ya nani? Haya maswali hayajibiwi kwa nusu saa, hata kama Prof anakimbia.

Na wanakimbia kweli. Mara nyingi si uzembe. Mhadhiri ana madarasa matatu, anasahihisha mitihani, ana vikao, halafu mshirika wake wa Ulaya amemwandikia wiki mbili tu kabla dirisha halijafungwa. Anaandika usiku. Kwa hiyo Mama aliyekuwa akisimamia dawati letu alitufundisha tusianze na lawama. "Mgonjwa akifika usiku humuulizi kwa nini hakuja asubuhi," alikuwa akisema. "Unamtibu, asubuhi mnaongea."

Basi tunatibu nini kwanza? Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu akiwa na saa 48 huanza kupamba utangulizi. Sisi tulianza na vitu ambavyo pesa wala juhudi haviwezi kuviharakisha.

Cha kwanza ni usajili. Mifumo ya wafadhili haipokei andiko la taasisi isiyotambulika humo. Umoja wa Ulaya unataka chuo kiwe na namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 9. Ukiomba NIH ya Marekani, chuo kinatakiwa kiwe kimesajiliwa kwenye SAM.gov, Grants.gov na eRA Commons. Usajili huu unaweza kuchukua wiki kadhaa, na ule wa SAM.gov unahuishwa kila mwaka. Kama umekwisha muda wake, hata andiko zuri vipi halipiti. Hapo tunamwambia Prof mapema, kwa heshima, kwamba dirisha hili limetupita, tujipange kwa lijalo.

Cha pili ni saini. Swali letu lilikuwa la kawaida kabisa: mwenye kusaini yuko wapi leo? Kama yuko safarini, nani anakaimu, na barua ya kukaimu ipo? Tulikuwa tunapiga simu kwa katibu muhtasi wake hata kabla ya kufungua andiko lenyewe.

Cha tatu ni bajeti. Nitatoa mfano mmoja kwa sababu nauona kila mara. Katika mpango wa Horizon Europe, gharama zisizo za moja kwa moja, yaani umeme, ofisi, uhasibu na kadhalika, kwa kawaida hukokotolewa kuwa asilimia 25 ya gharama za moja kwa moja, ukiondoa kazi unazowapa wakandarasi wa nje. Sasa mtu ana kikomo cha euro 50,000. Anachukua asilimia 25 ya hiyo 50,000, anapata 12,500, anabaki na 37,500 ya kazi. Kumbe hesabu sahihi ni 40,000 ya kazi, na asilimia 25 yake ni 10,000, jumla 50,000. Kwa kosa hilo amejinyima euro 2,500 za kazi ya uwandani. Hiyo ni posho ya msaidizi wa utafiti, labda wewe.

Cha nne ni barua za washirika na wasifu wa watafiti. Lugha na mapambo vinakuja mwisho, kama muda upo. Andiko lenye Kiingereza cha kawaida lakini limekamilika linasomwa. Lile tamu lisilo na bajeti halifiki hata kwa msomaji.

Halafu kuna saa yenyewe. Hapa ndipo niliposhindwa.

Mwezi Februari mhadhiri mmoja alituletea taarifa kwamba anaandaa andiko kwa mfadhili wa Ulaya. Mwisho ulikuwa mwezi Aprili, saa 11 jioni kwa saa za Brussels. Nikafungua simu, nikaona sisi tuko mbele kwa saa mbili. Nikaandika kwenye ubao: "Mwisho saa 1 usiku." Nikajisikia mtu makini.

Jumapili ya mwisho ya Machi, Ulaya husogeza saa zao mbele kwa saa moja. Sisi hatusogezi kitu, jua letu halina habari hizo. Tofauti ikawa saa moja badala ya mbili. Mwisho ukawa saa 12 jioni yetu. Ubao ukabaki unasema saa 1.

Siku ile kila kitu kilikwenda vizuri, ndiyo maana inauma. Saini ilipatikana saa 9. Mhasibu alirekebisha bajeti saa 10 na nusu. Mhadhiri akaomba asome ukurasa wa malengo mara ya mwisho, nasi tukampa nafasi, si tuna muda? Saa 12 na dakika 8 nikafungua mfumo kupandisha. Kitufe cha kutuma hakikuwepo.

"Kijana, mtandao?" mhadhiri akauliza.

"Hapana, Daktari. Ni saa. Nimekosea mimi."

Hakunigombeza. Alikaa tu kwenye kiti akiangalia ubao. Ndani ya andiko lile kulikuwa na nafasi mbili za uzamili. Mmoja wa waliotegemewa kuzijaza nilikuwa naye korido moja hosteli. Siwezi kusema tungeshinda, ruzuku zile wanaokosa ni wengi kuliko wanaopata. Lakini hatukushindwa kwa hoja. Tulishindwa kwa ubao, na jirani yangu nilimweleza mwenyewe usiku ule kwa sababu sikutaka asikie kwa watu.

Kesho yake Mama alinipa kalamu ya ubao. Tangu hapo kila andiko lina mistari mitatu: saa ya mfadhili kama alivyoiandika yeye, saa yetu iliyohakikiwa upya wiki ya mwisho, na saa ya ofisi, ambayo ni siku mbili kabla. Kingine, mfumo wa Umoja wa Ulaya unakuruhusu kutuma andiko kisha kulituma tena lililoboreshwa mpaka dirisha lifungwe, na la mwisho ndilo linalohesabiwa. Kwa hiyo pandisha toleo la kwanza mapema, hata kama halijakuridhisha. Siku ile tungefanya hivyo, tungekuwa salama.

Na wewe unayeandika ombi lako la fedha za tasnifu, usicheke. Angalia leo kama mfadhili anataka barua ya mkuu wa idara, na kama mkuu wa idara yupo. Kama utafiti wako unahitaji kibali cha maadili au cha COSTECH, vipangie miezi, si siku, kwenye ratiba. Na ukisoma "17:00" kwenye tangazo, usiishie hapo. Uliza: ya wapi?