SANDUKU LA SPIKA YA BESI: MBAO GANI, NA LIKAZWE VIPI?



Wenzetu watatu wa Biryogo, Kigali, walichanga wakanunua gari kuukuu la kukodisha kwa arusi. Wakatia ndani spika ya besi ya inchi 12, katika sanduku walilolipigilia wenyewe kwa plaiwudi ya milimita 9. Badala ya besi ukasikika mtetemo wa mbao. Wakakata shauri kukopa fedha wanunue amplifaya kubwa zaidi. Tuliwasihi wasubiri, kwani kosa lilikuwa la sanduku.

Tuelewe kwanza kazi ya sanduku. Spika ikienda mbele na nyuma, husukuma na kuvuta hewa ya ndani, na hewa hiyo husukuma kuta. Ukuta ukitikisika hutoa sauti yake wenyewe na kuharibu muziki. Kwa hiyo sanduku linatakiwa liwe gumu na lisivujishe hewa.

MBAO. Mbao za mkaratusi ni nyingi kwetu Rwanda, lakini zisipokauka vizuri hupinda na kupasuka. Kwa kuta, tuchague MDF au plaiwudi ya milimita 18. Unene ukiongezwa mara mbili, ugumu wa ubao wa aina ile ile huongezeka mara nane. MDF ni nzito na haina mafundo, lakini ikinywa maji huvimba. Ipakwe rangi pande zote, hasa kwenye kingo. Plaiwudi ni nyepesi na hushika skurubu vizuri zaidi kingoni. Kabla ya kulipa, tutazame kingo zake: tukiona mapengo kati ya matabaka, tuiache.

KUKAZA. Ukuta mpana usioshikwa katikati ndio unaotikisika zaidi. Tuweke ndani ubao mkavu wa sentimita 4 kwa 4, uunganishe kuta mbili kubwa zinazotazamana, bila kugusa spika. Usikae katikati kabisa. Usogezwe kidogo kando, ili sehemu mbili za ukuta zisitikisike kwa mlio mmoja. Nafasi yake ihesabiwe: sanduku lenye sentimita 40 kwa 35 kwa 25 ndani lina lita 35, na ubao huo wenye urefu wa sentimita 25 hula lita 0.4.

Viungo vyote vitiwe gundi ya mbao. Skurubu ni za kubana mpaka gundi ikauke, nazo zitobolewe tundu kwanza ili ubao usipasuke. Mwisho, kona za ndani zizibwe kwa silikoni.

VUMBI. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Gundi ya MDF nayo kwa kawaida ina formaldehaidi, ambayo imo katika orodha hiyo hiyo. Basi tukate mbao nje, tuvae barakoa ya vumbi, na watoto wakae mbali. Kitambaa cha kujifunga usoni hakitoshi.

Wenzetu walitengeneza sanduku jipya kwa namna hii. Kabla ya kufunga spika walilipiga kwa vifundo vya vidole kila upande: palipotoa mlio wa ngoma, wakaongeza ubao. Amplifaya ni ile ile ya zamani, na mkopo hawakuuchukua.